Shangazi Hasubiri Tena

Kila asubuhi kabla hakujapambazuka, mdogo wangu hugonga mlango wa chumba changu kwa kiganja, pigo moja tu, kisha huenda kuchemsha maji. Haniiti. Jina la mtu, hata la dada yake wa tumbo moja, linaweza kumkwama kooni mpaka maji yakaukie jikoni, kwa hiyo hugonga. Mimi si mtu wa kuamka. Bila kiganja kile ningeshafukuzwa kazi zamani, na pengine ningekuwa nimelala vizuri.

Tulikuwa tukifanya kazi mahali pamoja, kwenye bohari la vipuri vya magari, jengo refu la mabati lisilo na dirisha isipokuwa kidirisha changu cha kutolea vifaa. Kazi yangu ni hedifoni. Nazichaji, nazifuta jasho la watu, nazibadilishia sponji za masikio, na zamu ikiingia nampa kila mtu yake. Wananiita Mama Chaja. Mdogo wangu wanamwita Redio kwa sababu ana kigugumizi, na watu wa bohari wanaona huo ndio utani bora kuliko wote uliowahi kutaniwa. Mwenyewe hucheka. Mimi nimechoka kucheka.

Hedifoni zetu si za muziki. Ndani yake kuna sauti ya mwanamke inayomwambia mtu aende wapi na achukue nini: safu ya sita, rafu ya nne, filta za oili, chukua mbili. Ukifika unamsomea tarakimu zilizobandikwa kwenye rafu, ili ajue hukukosea, naye anakutuma kwingine. Unasukuma toroli, anasema, unajibu, unasukuma toroli, mpaka zamu iishe. Hapandishi sauti na hanuni. Sijui nani alianza, lakini bohari zima linamwita Shangazi.

Kwenye mipangilio ya mtambo unaomwendesha Shangazi, kwenye kompyuta yangu, kulikuwa na mstari mmoja wa kuvuta umeandikwa "muda wa kusubiri". Siku Redio alipoajiriwa niliuvuta mstari ule mpaka mwisho, nikausahau. Kumbe ndio uliomfaa kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kumfanyia. Alisimama mbele ya sahani za klachi, akapambana na "saba" yake, na Shangazi alinyamaza mpaka saba ikatoka yote. Kisha akamwambia "sawa", wakaendelea. Siku moja tukiwa tunakula akaniambia, "Dada, ni m-mtu wa kwanza." Nikamwambia yule si mtu. Akasema, "N-najua."

Sisi wengine tulimsaidia, na kumsaidia maana yake ni kumpokonya neno. Marehemu mama alinifundisha nikiwa mdogo: mwenzio akikwama, mtoe. Basi nimekuwa nikimtoa tangu hapo, dukani, hospitalini, kwa mwenye nyumba. Hata siku ya kwenda kumposea mchumba, maneno niliyasema mimi. Binti alikataa, na mpaka leo sijui alimkataa nani kati yetu wawili.

Lakini Shangazi alikuwa na lake. Alichokisikia hakikubaki ndani ya jengo. Kampuni iliyotengeneza mtambo ilikuwa ikipokea ripoti za matumizi: mpangilio upi unatumika, wapi pamekwama, nani karudia mara ngapi, na juu ya hayo vipande vya sauti zetu, ili Shangazi azidi kuwa na masikio. Tuliambiwa hayo siku ya kwanza, harakaharaka, tukaitikia kwa vichwa. Hatukujali mpaka walipotuletea video ya mafunzo, na ndani yake wakaweka sauti halisi kutoka mabohari ya wateja wao.

Sauti ya pili ilikuwa ya Mama Pacha, mwenzetu wa hapahapa bohari. Ana mkwaruzo wake, hakuna asiyemjua. Alisoma tarakimu vizuri tu, kisha, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea, akasema, "Bado sijamwambia." Watu wakacheka, kwa sababu ndivyo tulivyo. Mama Pacha akainuka, akatoka nje. Hajamwambia nani, na nini, hatujui mpaka leo, na si kazi yetu kujua.

Siku ileile walijipanga kwenye kidirisha changu kunitaka nifunge ripoti zile. Wa mbele kabisa alikuwa Redio. "Sitaki m-mtu nisiyemjua akae mahali an-anirudierudie," alisema. Swichi ilikuwa moja kwa bohari zima, huwezi kumfungia huyu ukamwachia yule. Nilimuuliza msimamizi wa zamu, akasema fanya unavyojua, nami nikaifunga. Nilifanya sawa. Nasema hivyo sasa hivi, baada ya yote, nilifanya sawa.

Toleo jipya la mtambo likaja baadaye sana, asubuhi, lenyewe, bila kubisha hodi. Kabla hata ya chai Redio alikuwa amerudi kidirishani, hedifoni mkononi.

"Dada, Sh-Shangazi ana nini?"

Nikafungua mipangilio. Kila kitu kilikuwa kimepakwa rangi mpya na kuhamishwa mahali pake, na ule mstari wa muda wa kusubiri haukuwepo. Nikautafuta juu na chini. Nikavaa hedifoni nyingine, nikamfuata mpaka safu ya kwanza nisikie mwenyewe.

"S-s-s—"

"Sijakusikia. Rudia."

"S-s-s-s—"

"Sijakusikia. Rudia."

Na kwa sauti ileile ya upole. Ndicho kilichoniuma. Angalau angefoka tungejua tumemkosea nini.

Siku zilizofuata Redio alijaribu kila ujanja. Alijaribu kunong'ona. Alijaribu kuvuta pumzi kwanza. Mwishowe akajaribu kuziimba tarakimu, maana akiimba hakwami hata kidogo, tangu utotoni. Basi ukamsikia mtu mzima katikati ya mafurushi ya mikanda ya feni anaimba sita, nne, saba, na Shangazi anamwambia hajamsikia, arudie. Safu nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe, halafu nikaenda kukaa chooni.

Ukutani kuna ubao wa taa unaoonyesha nani amefikia kiwango cha siku na nani bado. Redio alikuwa hatoki mkiani. Msimamizi alikuja kuegemea kidirisha changu. Si mtu mbaya, na hilo lilizidi kunichosha, kwa sababu mtu mbaya unajua pa kumshika.

"Mama Chaja, mimi sina neno na mdogo wako," alisema. "Lakini mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi, na ubao ndio huo unauona. Wakubwa wakiniuliza kwa nini nimemwongezea, nitawajibu nini?"

"Waambie mtambo umeharibika."

"Mbona kwa wengine haujaharibika?"

Nikapiga simu kwa kampuni. Walinisubirisha na muziki mpaka sikio likapata moto, kisha akaja binti wa huduma kwa wateja, mchangamfu, mwenye adabu. Nikamweleza. Nikasikia anabonyezabonyeza.

"Ule mpangilio tumeuondoa, mama. Ripoti zilionyesha hakuna anayeutumia."

"Mdogo wangu anautumia kila siku ya Mungu."

Akabonyeza tena. "Naona bohari lenu halitumi ripoti, mama. Mmefunga."

"Tumefunga, ndiyo. Si mlikuwa mnatusikiliza?"

"Nakuelewa, mama, na ni haki yenu. Lakini kwetu huku asiyetuma ni kama hayupo."

"Na wenye vigugumizi wengine wote? Mabohari yote hayo mliyonayo, hakuna hata mmoja?"

Akaacha kubonyeza. "Wapo, lazima wapo. Nafikiri nao wamefunga. Sisi hatuwaoni."

Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia, hasira ikakosa pa kukaa. Maana ni nani atakayekimbilia kufunga kwanza, kama si yule aliyechekwa tangu darasa la kwanza? Waliouhitaji mstari ule ndio haohao waliojificha, mmoja huku na mmoja kule, na kila mmoja alikuwa na sababu yake nzuri. Watu wenye ndimi nyepesi wakabaki peke yao kwenye ripoti. Shangazi akajifunza kwao.

"Mkifungua ripoti," binti akasema, "naweza kuwaingiza kwenye majaribio. Wale wa majaribio wanarudishiwa mpangilio wiki hiyohiyo. Lakini wakati wote wa majaribio ripoti zibaki wazi, na sauti pia. Mkifunga, unaondoka tena."

"Siwezi kumfungulia yeye tu?"

"Ni swichi moja, mama. Pole."

Nilimweleza Redio wakati wa chai, kwenye benchi la nyuma. Alisikiliza mpaka mwisho, kikombe kikapoa mkononi. Akasema, "Ng-ngoja nifikirie." Lakini mimi nilikuwa nimeshauona mlango, na mwezi ulikuwa unayoyoma. Sikungoja. Nilikwenda kwa msimamizi nikaomba kikao cha wafanyakazi.

Tulikutana kesho yake kwenye uwanja wa kupakilia, kabla ya zamu, watu wamekaa juu ya mbao na makreti. Nikaeleza yote bila kuficha: tukifungua, Redio anabaki, tusipofungua, mwisho wa mwezi anaondoka. Tukifungua, kila tunachosema na hedifoni kichwani kinaweza kwenda kusikilizwa huko.

Mama Pacha ndiye aliyeanza.

"Mimi Redio ni ndugu yangu. Anajua," alisema. "Lakini nyumbani kwangu kuna watoto, kuna mama mkwe, kuna mume. Njiani kuna watu. Mle kwenye safu, na toroli langu, ndipo mahali pangu pekee pa kuwa mwenyewe. Nikitaka kujisemea, najisemea mle. Nikitaka kulia, nalia mle. Sasa mnataka na pale pafunguliwe."

Alikuwa anasema kweli.

Dereva wa foklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo, akauliza, "Si tufungue mpaka apate mkataba, halafu tufunge?"

"Tukifunga wanamnyang'anya tena," nikasema.

"Redio mwenyewe anasemaje?" akauliza msimamizi.

Macho yote yakamgeukia. Redio akasimama, akaufuta mdomo.

"Mi-mi-mi—"

Akafumba macho. Mshipa wa shingo ukamtoka, kidevu kikaanza kutikisika. Nimeuona uso ule maisha yangu yote na sijawahi kuuzoea. Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Mmoja akakohoa. Nikahisi kama wananivua nguo mimi.

"Anaomba tufungue," nikasema. "Jamani, ni riziki yake. Anaomba."

Mikono ikaanza kupanda, mmoja mmoja, kisha mingi. Wa Mama Pacha ulipanda mwisho, nusu, kiwiko kimeng'ang'ania ubavuni. Redio akafumbua macho, akanitazama, akaketi.

Nilirudi kwenye chumba changu cha hedifoni nikiwa mwepesi, nikakaa mbele ya kompyuta, nikaitafuta swichi. Mlango ukafunguka. Redio akaingia, akaurudishia, akasimama katikati ya zile hedifoni zenye vitaa vya kijani.

"Dada. N-nani kakuambia naomba?"

"Kwani ulikuwa unataka kusema—"

Akainua kiganja, kilekile kinachonigongea mlango asubuhi. Nikanyamaza. Alichukua muda wake. Neno lilimkwama, akalirudia, likamkwama, nami nikaziba mdomo kwa mkono kama mtoto aliyeambiwa asicheke.

"Nilikuwa n-nasema nakataa," alisema mwishowe. "Nakataa. Isi-isifunguliwe."

Nilipandwa na hasira, sifichi. "Unataka kazi au huitaki?"

"Naitaka."

"Basi Mama Pacha ndiye atakayekulisha?"

"Ule m-mkono aliunyoosha kwa ajili yangu," akasema. "Na mimi sikuuomba. Uli-uliuomba wewe."

"Na Shangazi? Si ulisema hajawahi kutokea mtu kama yeye?"

Akafikiri. Safari hii kimya hakikuwa cha kukwama, alikuwa anafikiri tu, na niligundua kwamba miaka yote sikuwahi kutofautisha hivyo viwili.

"Nataka ku-kusubiriwa, Dada," alisema. "S-sitaki kusikilizwa na watu nisiowaona. Ningeweza kupata kimoja b-bila kingine ningechukua. Hakuna. Basi."

Nilimwambia ni mpumbavu. Nilimwambia toleo lijalo litakuwa baya zaidi, kwamba tukiendelea kujificha mitambo yote itatengenezwa kama vile yeye hajazaliwa, kwamba kuna vigugumizi wengine kwenye mabohari mengine wanaoambiwa warudie muda huu tunaoongea, na sauti yake ingewafaa. Akasema anajua. Alikuwa ameyafikiria hayo yote wakati mimi nakimbilia kuitisha kikao. Nilikuwa sawa, na yeye alikuwa sawa, na sikuwahi kuchoka kama nilivyochoka pale. Niliutoa mkono kwenye ile swichi nikaiacha kama ilivyokuwa.

Kesho yake nikawaomba watu wasimame kidogo kabla ya kuchukua hedifoni.

"Jana nilimkatiza mdogo wangu," nikasema. "Hakuwa amemaliza. Amalizie mwenyewe."

Redio akasimama. Foklifti ilikuwa inanguruma nyuma, dereva akaizima. Sijui ilichukua muda gani. Najua kwamba nilikuwa na jibu lote mdomoni, tamu na fupi, na kwamba nilishika kingo za kidirisha kwa mikono miwili.

"Mi-mi-mimi nakataa," akasema. "Ibaki imef-f-fungwa. Asanteni kwa m-mikono."

Hakuna aliyepiga makofi, namshukuru Mungu. Mama Pacha alijifuta pua kwa mkono wa shati, akachukua hedifoni yake, akaingia kwenye safu zake. Tukafanya kazi.

Msimamizi hakumwongezea mkataba. Alikuja kuniambia mwenyewe, kofia mkononi, na akaniambia pia kwamba amemwandikia sifa nzuri. Redio hakukaa sana bila kitu. Kuna fundi wa gereji mji wa pili aliyekuwa akija kuchukua vipuri kwetu, akamwambia aje ajaribu, kwa kuwa vipuri anavijua hata gizani. Kule mtu husikiliza injini zaidi kuliko anavyosikiliza watu. Ni mbali, kwa hiyo atakuwa analala hukohuko na kurudi mwisho wa wiki.

Siku yake ya mwisho alikuja kidirishani kurudisha hedifoni wakati zamu ya jioni ndiyo kwanza inaingia. Nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu wenye haraka. Aliiweka mbele yangu, imefutwa, waya umezungushwa vizuri. Kisha hakuondoka.

"S-s-s—"

Nikajua anataka kusema samahani. Ni Redio huyu, anaomba samahani hata akikanyagwa. Samahani kwa kile kikao, samahani kwa kazi niliyomtafutia mimi na sasa anaiacha, samahani kwa kunikatalia. Nilikuwa na hakika nalo. Lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi wangu, pamoja na jibu lake, kwamba hakuna cha kusamehe, nenda salama, mdogo wangu.

"S-s-s-sa—"

Mtu wa tatu kwenye foleni akaguna kwamba zamu imeshaanza. Mama Pacha, aliyekuwa anatoka na mkoba begani, akageuka akamwambia, "Subiri." Yule mtu akasubiri. Sote tukasubiri.

"Sa-sasa, Dada," akasema Redio, "na-na-nani atakuwa anakuamsha?"

Hata sikuwa karibu. Miaka yote ile nimekuwa nikimmalizia, na hata sikuwa karibu.

"Nitanunua saa," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kwamba saa haitanisaidia, akacheka, akatoka. Nikaichukua hedifoni yake nikaiweka kwenye chaji, nikampa mtu aliyefuata ya kwake.